Walivyotuwekea Baada ya Kupeana Mkono

Ndugu zangu, naomba mnisikilize hata kama sauti yangu ni ndogo. Jambo hili limetupata sisi, watu wa mkate, ambao mnatuona kila asubuhi mkidhani kwetu kuna joto la tanuri tu na harufu nzuri. Sisemi ili mtuonee huruma. Nasema kwa sababu mpaka leo mambo mengine siyaelewi vizuri, na huenda kati yenu yupo anayeelekea pale tulipoangukia.

Nyumba yetu ilikuwa na amani. Ikifika saa mbili asubuhi kazi nzito imekwisha. Tanuri linapoa taratibu, matrei yameegemezwa ukutani, na mke wa mjomba, ambaye mimi namwita mama kwa kuwa ndiye aliyenilea, anakunywa chai akiwa amekalia gunia la unga. Mjomba husimama mlangoni, nyusi nyeupe kwa unga, akitaniana na wenye maduka wanaokuja kuchukua mikate. Mimi kazi yangu ni mizani. Napima madonge kabla hayajaingia tanurini, moja baada ya jingine, gramu mia tano na hamsini, ili mkate ukiiva ubaki mia tano kamili. Niliacha shule darasa la tano, lakini mbele ya mizani sikosei.

Mjomba watu wanamwita Teremsha. Hapajatajwa bei mbele yake ikabaki palepale. Siku moja alinunua ndoo, akateremsha na kuteremsha mpaka muuza ndoo akashika kichwa. "Mzee, chukua ndoo," akamwambia, "lakini niachie hata mpini niwapelekee watoto."

Sasa sikieni desturi yetu, kwa maana ndiyo iliyotupoteza. Mwenye duka akinunua mikate kumi na miwili, sisi humwekea wa kumi na tatu. Huo hatuutajii bei. Kwa mwoka mikate, bei ikishakubaliwa na mikono ikapeanwa, maneno ya fedha yamekwisha. Kitakachowekwa juu yake ni cha wema, na kukiulizia bei ni kumvunjia heshima aliyekitoa. Mjomba alizaliwa humo na kuzeekea humo. Hakujua kwamba zipo biashara ambazo kupeana mkono ndio mwanzo.

Mwaka ule shule moja ya bweni ilitaka mikate mia tatu kila asubuhi. Mtunza stoo wao, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja mwenyewe akaonja, akakubali. Akatoa sharti moja tu.

"Mkokoteni wenu sitaki kuuona getini kwangu," alisema. "Vumbi lote la barabara linaingia kwenye mkate. Leteni kwa gari lililofungwa, muhula ukianza."

Kwetu ile ilikuwa riziki ya miaka mingi. Mjomba alikuwa na milioni kumi na mbili, akiba ya miaka minane. Mama alimwambia tutafute gari kuukuu.

"La mtumba?" mjomba akauliza. "Liharibike njiani, watoto wa watu wakae na njaa? Nakwenda kununua jipya. Na bei yake nitaiteremsha mpaka walie."

"Basi nenda na huyu binti," mama akasema. "Ana macho."

"Macho sawa. Mdomo je?"

"Mdomo unao wewe, unawatosha wote wawili."

Duka la magari lilikuwa na sakafu inayong'aa kiasi kwamba niliona aibu kukanyaga. Muuzaji, kijana mwenye tai nyekundu, alitaja milioni ishirini na nne kwa gari dogo jeupe la mizigo. Mjomba akacheka kama aliyesikia mzaha. Akapiga teke gurudumu. Akatoka nje. Akaitwa, akarudi. Akatoka tena, safari hii akanishika mkono kabisa, tukafika mpaka kwa mlinzi.

"Mzee wangu, unaniua," alisema yule wa tai akitufuata mbio.

"Siui mtu. Wewe ndiye uliyetaka kunizika."

Walikwenda hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Mwisho bei ikasimama kwenye milioni kumi na tisa. Tungelipa kumi na mbili palepale, na saba zilizobaki tungezilipa kwa miezi ishirini na minne. Pamoja na faida yao, rejesho lilikuwa laki tatu na nusu kila mwezi. Mjomba alipiga hesabu ya mikate ya shule vidoleni, akaona inatosha na chenji inabaki. Wakapeana mkono. Nilimtazama mjomba nikajisikia kama mtoto wa mfalme.

Yule wa tai akasema, "Sasa ingieni ndani mkamalizie makaratasi."

Chumba cha ndani kilikuwa kidogo, na kiyoyozi kilinipandisha vipele vya baridi. Dada mmoja mwenye sauti ya upole alitupa soda, akafungua faili, akaweka kikokotoo karibu na mkono wake wa kulia.

"Hongera, mzee," akasema. "Leo umetubana kweli. Wote huku ndani tumesikia."

"Ndiyo kazi yangu," mjomba akajibu, akajinyoosha kitini.

"Gari ni jipya, na jua mnalijua lilivyo. Tunakuwekea kinga ya rangi, sivyo?"

"Mungu awabariki."

Dada akabonyeza kikokotoo.

"Viti tunakuwekea vya ngozi. Vile vya kitambaa vitakushinda kwa unga."

"Hata unga mmeufikiria! Ahsante sana, mwanangu."

Akabonyeza.

"King'ora, na kile kifaa cha kukuonyesha gari liko wapi likiibwa."

"Na king'ora!" mjomba akanigeukia. "Unasikia, binti? Hawa ni watu."

Akabonyeza. Ikaja waranti ya nyongeza, juu ya ile inayokuja na gari. Ikaja kazi ya kuliandaa gari. Likaja zulia la miguuni pamoja na kizimamoto. Vitu sita. Kila kimoja mjomba alikishukuru, na kimoja alikishukuru mara mbili.

Mimi nilikuwa naangalia vidole. Kila mjomba aliposema ahsante, vidole vya yule dada vilishuka kwenye kikokotoo. Nikajiuliza, kama ni zawadi, anajumlisha nini? Nikajijibu, labda anahesabu zawadi. Nikasema, zawadi inahesabiwaje kwa kubonyeza mara nyingi hivyo? Kisha nikaona aibu kumdhania vibaya mtu ambaye soda yake nilikuwa nimeishika. Kichwa changu kikawa kama pia, kinazunguka hapohapo. Huenda watu waliosoma wanatoa zawadi hivyo. Mimi nitajuaje?

Nikamvuta mjomba shati.

Akaniinamia. "Nini? Unataka chooni?"

Dada akatabasamu, akanielekeza kwa kalamu. "Mlango wa pili kushoto, mrembo."

Ndugu zangu, niliona haya. Nikasema, "Ndiyo." Nikaenda. Nikasimama mle chooni bila haja yoyote, nikiangalia bomba linavyodondosha, nikipanga maneno. Nilipoyapata, nikarudi. Nikakuta mjomba anatia saini. "Hapa, na hapa, na hapa chini," dada alikuwa akisema, akifunua karatasi upesi kama anayepepea jiko. Saini kumi na moja. Maneno yangu nikayameza.

Siku tulipolileta gari nyumbani, majirani walijaa uani. Mama alizunguka mara tatu, akafungua mlango, akachungulia.

"Hivi viti vya ngozi ni vya nani? Mikate itakaa?"

"Tumepewa," mjomba alisema. "Niliwabana mpaka wakaanza kunipa vitu."

Watu wakacheka, wakamsifu Teremsha. Nami nilicheka, lakini bado nilikuwa naviona vile vidole kwenye kikokotoo.

Muhula ukaanza, tukapeleka mikate, shule ikafurahi. Mwisho wa mwezi simu ya mjomba ikalia ujumbe wa rejesho. Akausoma, akaifuta simu kwenye aproni, akausoma tena.

"Wamekosea," alisema. "Wameandika laki sita kasoro elfu kumi."

Mama akaweka kikombe chini. "Lete hayo makaratasi."

Tuliyatandaza juu ya gunia la unga. Mama hajui kusoma, mjomba miwani yake ilikuwa imevunjika siku nyingi na herufi ndogo za karatasi zilimshinda, kwa hiyo nilisoma mimi, kidole juu ya kila neno. Kinga ya rangi, laki tisa. Viti vya ngozi, laki sita. King'ora na kifaa, milioni moja na laki moja. Waranti ya nyongeza, milioni moja na laki nne. Kuandaa gari, laki tano. Zulia na kizimamoto, laki tatu.

"Rudia zulia," mama akasema.

"Laki tatu, na kizimamoto."

"Zulia limefumwa na malaika?"

Jumla ilikuwa milioni nne na laki nane, na juu yake faida. Ile milioni tano aliyoiteremsha mjomba kwa saa mbili, akitoka nje na kurudi, karibu yote ilikuwa imepandishwa tena kwa muda wa kunywa soda moja.

Kesho yake tulirudi. Yule dada alitupokea vizuri, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Sikuona mtu mbaya pale. Akafungua faili, akamwonyesha mjomba saini zake.

"Lakini hivi vilikuwa vya bure," mjomba akasema.

"Kuna mtu alikuambia ni vya bure, mzee?"

Mjomba akanigeukia. Akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Hakuna aliyesema," akakiri. "Lakini bei pia hamkuitaja."

"Hukuuliza, mzee wangu. Na hapa imeandikwa." Akaweka ukucha kwenye mstari mdogo. "Waranti ungeweza kuirudisha ndani ya siku saba. Sasa zimepita thelathini na mbili."

Tulirudi nyumbani kwa gari letu, tumekalia ngozi yetu. Mjomba aliendesha polepole. Baada ya muda akaniuliza, "Siku ile uliponivuta shati, ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kuuliza yule dada anabonyeza nini."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Uliuliza kama nataka chooni."

Alitaka kucheka. Ilitoka sauti nyingine, akawasha redio.

Mngedhani mkasa umeishia hapo. Hapana. Mtu aliyepunjwa akinyamaza, ubaya haukai kwake tu, hutafuta pa kutokea. Kwetu ulitokea kwenye mizani yangu.

Rejesho la pili lilipokaribia, mjomba alikuja mezani kwangu, akasimama nyuma yangu. "Ya shule, punguza gramu thelathini," alisema. "Ongeza hamira kidogo, itavimba. Hakuna atakayejua."

"Mama anajua?"

"Mimi nakuambia wewe."

Nikapunguza. Mwezi uliofuata akasema hamsini. Kisha sabini. Mkate ulikuwa mkubwa kwa macho, ukiubonyeza unanywea kama mto wa pamba. Sikuelewa tena nyumba yetu imekuwa nini. Mjomba yuleyule aliyekuwa akimpa mwenye duka mkate wa wema sasa alikuwa anamega mkate wa mtoto, na aliyemega kwa mkono wake nilikuwa mimi. Kila donge nililolishusha kwenye mizani nilimwona mtoto nisiyemjua. Hata hivyo nilinyamaza. Haya ni kitu kibaya, ndugu zangu. Watu huiita adabu, lakini wakati mwingine ni woga uliofuliwa na kupigwa pasi.

Mwezi wa nne, asubuhi moja, tulifika shule tukamkuta mtunza stoo ametoa mizani nje. Hakutusalimia. Alichukua mikate kumi kutoka kwenye matrei tofauti, akaipima mmoja mmoja, akaandika kwenye daftari.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mzee, tulikubaliana gramu ngapi?"

"Mia tano," mjomba akajibu.

"Huu una mia nne na thelathini. Huu nao. Huu, mia nne ishirini na tano. Wanafunzi wananiambia wanalala na njaa, mimi nawaita walafi. Nimewaadhibu watoto kwa ajili yenu."

"Mizani hudanganya, mama. Labda hii yako ina kosa."

Mama yule akavua miwani yake ya uzi. Hakumtazama mjomba tena. Alinitazama mimi.

"Binti, nani anapima madonge kwenu?"

"Mimi."

"Basi niambie wewe. Mizani yangu ina kosa?"

Mjomba alikuwa amesimama pembeni yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Nilijua kinachoning'inia kwenye ulimi wangu. Nikisema ina kosa, tutapewa wiki, tutarekebisha, gari litabaki. Nikisema haina, riziki ya nyumba inakwisha palepale getini, na mtu aliyenilisha tangu nikiwa na miaka sita ataonekana mwizi mbele ya wapishi. Nilitamani aniulize kama nataka chooni.

"Haina kosa, mama," nikasema. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Madonge ndiyo madogo. Tuliyapunguza."

Mpishi mmoja aliyekuwa anakwangua sufuria aliacha, akatutazama.

"Nashukuru," mtunza stoo akasema. "Ya leo nitalipa kwa uzito wake. Kesho msije."

Mjomba hakunigombeza njiani. Afadhali angenigombeza. Nyumbani mama alisikia yote ya madonge, akamwambia mjomba, "Mume wangu, walikuibia ukiwa umekaa kwenye kiti. Lakini hao watoto umewaibia wewe."

Bila mikate ya shule hatukuweza kulipa rejesho la mwezi wa tano. Tukaliuza gari, mbele ya wale waliotukopesha. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa nyanya. Alipiga teke gurudumu, akafungua mlango.

"Lina viti vya ngozi," mjomba akamwambia, "na kinga ya rangi, na king'ora."

"Mzee, mimi nabeba nyanya. Hizo hazina haja ya ngozi. Nanunua gari."

Alitoa milioni kumi na tatu na nusu, na kwa vile vitu sita hakuongeza hata senti. Deni likameza milioni kumi na moja na laki nane. Katika akiba ya miaka minane tukabaki na milioni moja na laki saba. Siku ile Teremsha hakuteremsha wala kupandisha. Alipokea alichopewa, akaingia ndani.

Siku tatu hakusema nami. Siku ya nne, kabla ya kukanda, alikuja akasimama kando ya meza yangu.

"Leo unapima ngapi?" akauliza.

"Mia tano na hamsini."

"Mtu akikuambia upunguze?"

"Sipunguzi, mjomba."

"Hata nikiwa mimi?"

"Hata ukiwa wewe."

Akatikisa kichwa kukubali, akakunja mikono ya shati, akaanza kumimina unga.

MAFUNZO

Mwenye kununua gari, au chochote kikubwa, asifurahie bei ya kwanza. Bei ya kweli ni ile ya mwisho, iliyoandikwa chini kabisa baada ya kila kitu. Kabla hujashika kalamu, sema: "Nionyeshe jumla." Kitu ukiambiwa unawekewa, uliza ni kiasi gani, hata kama unaona aibu, hata kama umepewa soda. Na kama hukihitaji, sema hukihitaji. Aliyetoa kwa wema hatakasirika kuulizwa; akikasirika, umeshajibiwa.

Usiende na desturi ya kazi yako kwenye kazi ya mwingine ukadhani wote mnaishi hivyo. Karatasi ipeleke nyumbani, isomwe na mwenye macho, ilale hata usiku mmoja. Gari halitakimbia.

Ukipunjwa, usimpunje mwingine ili ufidie. Mimi sijui kama yule dada alitudanganya au tulijidanganya wenyewe. Nimelifikiria sana na bado sijapata jibu. Lakini la madonge nalijua wazi, halinichanganyi hata kidogo: lile lilikuwa kosa letu.

Na wewe binti mwenye haya kama mimi, ambaye shule hukumaliza na unadhani hujui kitu. Ukiona jambo hulielewi, huenda si kwamba wewe ni mjinga. Huenda halijafanywa lieleweke. Kuuliza si ujinga. Uliza ukitetemeka. Sauti inayotetemeka nayo husikika.